Wakili kaja msibani, kala pilau sahani mbili, leo kaniletea bili ya pilau

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mnamjua. Yule wa suspenda nyekundu, ofisi ghorofa ya 9, mapokezi kuna tangi la samaki na dada anayekuuliza "una miadi?" utadhani umeingia Ikulu. Simtaji.

Nilimpa kazi ya kuhamisha hati ya kiwanja. Katikati ya kazi mzee wangu akafariki. Msomi akaja msibani Tandika, nikasema kumbe huyu mtu ana utu. Akaketi jamvini. Akala pilau. Akaongeza. Akampa mama mkono wa pole.

Leo bili: "Kikao na familia ya mteja, saa 2 na dakika 18."

KIKAO! Saa yake laki mbili, anaikata vipande vya dakika sita sita kama mishikaki. Vipande 23, laki nne na sitini. Juu yake VAT asilimia 18. Yaani matanga ya baba yangu yamekatwa VAT 82,800! Rambirambi alitoa elfu kumi, na nahisi imo humo kwenye "gharama nyinginezo". Angeshika koleo makaburini ningeuza kiwanja chenyewe.

Na kazi kaifanya dogo wa fildi! Mwenyewe nimemtia machoni mara mbili tu, moja akiwa na sahani mkononi.

Sahani mbili wakuu. MBILI.

Mgosi wa Milimani: Chai. Weka picha ya bili.

Mama Kijora: Pole kwa msiba. Pilau ilikuwa ya nyama? Kama ilikuwa kavu kakuonea.

Kasuku Mweusi: Si mkataba ulisaini mwenyewe? Ulisoma?

Mleta uzi: Kurasa 11, na kunisomea nako alichaji.

Msomi Mdogo: Mimi ni wakili. Ofisi kubwa nyingi zinauza muda, ndiyo bidhaa iliyopo dukani. Ungepatana bei ya jumla mapema. Na bili ya wakili inapingika, Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015 ipo.

Mgosi wa Milimani: Msomi, huu ushauri bili anatumiwa nani?

Babu Kachumbari: Wako anachaji shilingi unalia? Wa kwangu alikuwa dola tupu, mpaka kanuni za 2025 zilipokataza. Akabadili kuja shilingi, senti zote akazungusha kwenda juu.

Shem wa Sinza: Afadhali nyie mna bili. Dalali kala elfu kumi yangu ya kuona chumba, tumefika ndani kuna mtu anaoga. Nimepata kingine, kataka kodi ya mwezi mzima!

Kasuku Mweusi: Madalali hata msibani hawaji.

Mleta uzi: Jamani, PILAU.

Mama Kijora: Shem, hicho cha Sinza maji yako ndani?

Shem wa Sinza: Yapo, na luku unajitegemea. Njoo inbox.