Nyumba nzima kwa familia moja, au chumba kimoja kimoja? Naomba mawazo

Kibarazani
Wakuu, habari za wakati huu. Mama alituachia mimi na mdogo wangu nyumba ya vyumba vinne: jiko moja, vyoo viwili, mita moja ya umeme na moja ya maji. Hakuna kati yetu anayekaa karibu, kufika ni mwendo wa saa nzima. Kuuza hatutaki. Tunapovutana ni hapa: mdogo wangu anataka tupangishe chumba kimoja kimoja, kwa kuwa kodi ya vyumba vinne ukiijumlisha inaipita ya nyumba nzima kwa asilimia 20 hivi. Mimi naona bora familia moja na mkataba mmoja. Sitaki nyumba ya mama iwe gofu kwa sababu ya tamaa, wala sitaki tupunjike kwa sababu ya woga wangu. Mliopita njia zote mbili, tusaidieni.

Bi_Funguo
Poleni kwa msiba. Mimi nimepangisha kwa njia zote mbili na daftari ninalo. Tuseme kodi ya nyumba nzima ni 100 na kila chumba ni 30. Vyumba vinne, 120. Mdogo wako ameishia hapo, na hata mimi mwanzoni niliishia hapo.

Sasa endelea na hesabu. Familia kwangu hukaa kama miaka miwili, kisha nyumba hulala tupu mwezi mmoja nikipaka rangi. Miezi 24 ya kodi katika 25, yaani unabaki na 96. Wa vyumba hukaa miezi 9, chumba kinalala mwezi 1. Asilimia 90 ya 120 ni 108. Ile tofauti ya 20 imeshuka hadi 12, na hujanunua hata balbu.

Kwa mwendo huo unahamisha watu karibu 5 kwa mwaka. Mara tano unabadilisha kitasa, unarudisha amana, unakagua ukuta uliopigwa misumari. Taa ya korido, usafi wa vyoo na shimo la maji taka vyote ni juu yako. Ukikaa jirani, hiyo 12 utaiona. Ukiwa mbali itaishia kwenye nauli na mafundi.

Paa_la_Bati
Bi Funguo, hesabu sipingi, ila kuna upande umeuacha. Mpangaji wangu wa nyumba nzima aliachishwa kazi. Mtu muungwana kabisa, lakini miezi 4 sikupata kitu, na mkopo wa benki haukujali uungwana wake. Kwenye vyumba vinne mmoja akikwama umepoteza robo tu.

Kibarazani, kodi hii inakwenda kulipa nini? Kama kuna deni la kila mwezi nyuma ya nyumba, vyumba vinakulinda zaidi. Kama hakuna, na mna akiba ya kuvumilia miezi mitatu mikavu, fuata ushauri wa Bi Funguo.

Fundi_Mita
Kabla ya yote, hiyo mita moja ya umeme. Watu wanne wasiojuana kwenye mita moja watagombana, tena mapema. Kugawa bili kwa vichwa si haki. Hita ya maji ya wati 2,000 ikiwaka saa moja inakula uniti 2. Balbu ya LED ya wati 9 ingewaka siku 9 mfululizo, usiku na mchana, ndipo ifikishe hizo 2. Mwenye balbu hatakubali kumlipia mwenye hita, na ana haki.

Mkienda kwa vyumba, wekeni mita ndogo kila chumba. Siku mpangaji anapoingia, mpige picha namba za mita pamoja, picha ibaki kwenye simu zenu wote wawili. Na ulizeni kwanza kama sheria ya kwenu inaruhusu mwenye nyumba kumuuzia mpangaji umeme, na kwa bei gani.

Maji pia: fungeni koki zote, mwende mkaitazame mita. Kama kigurudumu kidogo bado kinazunguka, kuna bomba au tangi la choo linavuja. Mengi yanavuja kimyakimya, ndani ya sinki la choo hata husikii.

Mpangaji_Mtulivu
Niseme kwa upande wetu. Nimekaa nyumba za kuchangia miaka 6. Kodi haikuwahi kunihamisha, jiko ndilo lililonihamisha. Ya mwisho ilikuwa na sufuria zilizoandikwa majina kwa rangi ya kucha, na bado kila asubuhi mtu alikuta yake ina ukoko wa mwenzake. Mwenye nyumba alikuwa mbali, akipigiwa anasema malizaneni wenyewe. Tuliondoka watatu ndani ya mwezi mmoja.

Dada au kaka, kama hamna mtu wa kupita hapo hata mara moja kwa wiki, msituweke humo.

Wino_Mweusi
Kuna njia ya tatu. Pangisheni nyumba nzima kwa marafiki au wafanyakazi wenza watatu au wanne, mkataba mmoja, wote wasaini, na kiandikwe kwamba wanawajibika kwa kodi kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Mmoja akikwama, wenzake wanajaza pengo. Kodi yake mara nyingi huizidi kidogo ya familia, na ya jikoni wanayajua wenyewe kwa sababu wamechaguana.

Shida yake ni mmoja anapotaka kuondoka katikati. Kwa hiyo andikeni tangu mwanzo: anayetoka analeta mrithi, nyinyi mnamkubali kwa maandishi, na amana yake anarudishiwa na anayeingia. Bila kipengele hicho utashtukia nyumbani kwako kuna mtu usiyemjua hata jina.

Bi_Funguo
Hapo kwa Wino naunga mkono. Ongezeni orodha ya vitu vyote siku ya kukabidhiana, chumba kwa chumba, na picha za kuta, masinki na vitasa. Bila hiyo amana mtaigombania tu.

Kibarazani
Asanteni sana. Nimemsomea mdogo wangu kwa simu. Deni hatuna, na wa kupita kila wiki hatuna. Tumekubaliana kutafuta kundi kwa mkataba mmoja wa mwaka, likikosekana tuchukue familia. Kipengele cha mrithi wa chumba ameniambia nikiandike kwa herufi kubwa.

Jana nilikwenda nyumbani. Nilifunga koki zote kama Fundi alivyosema, nikachutama mbele ya mita. Kigurudumu kinazunguka. Ni tangi la choo cha nyuma, maji yanapenya mpaka chini na huyasikii. Fundi bomba anakuja kesho asubuhi, tangazo litasubiri.