Jiko la kuchomea kwenye boti ndogo: nilifunge wapi na mtungi ukae wapi?

Mzamiaji6
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Nina boti ya faiba mita 6, injini moja ya nje, tenki la petroli liko chini ya siti ya nyuma. Tukitia nanga tunapenda kuchoma samaki hapohapo, sasa nataka kununua jiko dogo la kubebeka. Mkaa au gesi? Na nilifunge wapi, maana nikiliweka kwenye siti litaunguza faiba, nikiliweka chini watoto watalikanyaga. Halafu likishatumika limejaa mafuta na masizi nalihifadhi wapi? Moto majini naogopa sana.

Kamba_Ndefu
Mkaa achana nao mkuu. Boti nyingine ikipita tu wimbi linakuyumbisha, kaa moja likidondoka limeshatoboa siti, na ukimaliza kuchoma makaa ya moto unayapeleka wapi? Gesi unafunga valvu imeisha. Na mkaa hata ukionekana umezima bado unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu, mtu akiuingiza kwenye kibanda cha boti akalala nao haamki.

Tafuta jiko lenye mfuniko unaojifunga kwa lachi na stenlesi iwe daraja la 316, ile 304 inayotumika sana kwenye majiko ya nyumbani chumvi inaila inatoka madoa ya kutu mapema. Usipime kwa sumaku, zote mbili karibu hazishiki, muulize muuzaji akuonyeshe maandishi. Kama boti ina reli pima unene wa bomba kabla hujanunua bano la kushikia jiko, nyingi ni milimita 22 au 25, ukikosea linazunguka na jiko linamwaga chakula chote.

TeziNaOmo
Aliyetangulia kasema vizuri ila kasahau upepo. Ukitia nanga kwa omo, yaani mbele, boti inageukia upepo yenyewe, kwa hiyo moshi na cheche vinaenda tezi, yaani nyuma. Ukilifunga jiko omo kila kitu kinawarudia nyie mliokaa nyuma. Sasa tezi ndo kwenye petroli yako, hapo uangalie sana. Tafuta pumulio la tenki, pale mvuke wa petroli unapotokea, liko upande gani, jiko lifunge kona ya nyuma ya upande wa pili, lining'inie nje ya ukingo juu ya maji. Turubai la kivuli likunje kabisa kabla ya kuwasha. Na usijaze petroli jiko likiwaka wala likiwa bado lina joto, usiwashe wakati boti inatembea.

BintiNgalawa
Mimi niseme la mtungi tu kwa sababu lilinikuta. Nilimaliza kuchoma jioni, nikaacha ule mtungi mdogo wa gramu 450 umefungwa kwenye regyuleta, kile kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi, nikautia kwenye boksi chini ya siti. Asubuhi nafungua kifuniko cha ngama, ile sehemu ya chini kabisa ya boti maji yanapojikusanya, nichote maji harufu ya gesi ikanipiga usoni. Propani ni nzito kama mara moja na nusu ya hewa, haipandi juu ikapotea, inashuka kama maji na kukaa ngamani, na humo ndo kuna pampu inayojiwasha yenyewe, cheche moja tu inatosha kulipua. Sikugusa swichi hata moja, tulifungua vifuniko vyote tukawa tunachota hewa kwa ndoo na kuimwaga nje kama watu wanaochota maji, muda mrefu tu, mpaka harufu ikaisha. Baadaye nikapaka maji ya sabuni pale kwenye uzi wa valvu, vikatoka vipovu vidogo kama vichwa vya pini, taratibu, kimoja kimoja. Usiku kucha ndo vilikuwa vinafanya hivyo.

Tangu siku hiyo nikimaliza nautoa mtungi kwenye jiko na unakaa nje, kwenye boksi lenye tundu chini linalotokea baharini. Ndani hauingii hata ukiwa mtupu.

Mzamiaji6
Pole sana dada, hilo la ngama sikuwahi kulifikiria kabisa. Reli sina, nina zile tundu za kuchomekea fimbo za kuvulia, zinafaa?

Kamba_Ndefu
Zinafaa kama ni za chuma, za plastiki hapana. Kwanza chungulia kwa chini, kama zimeshikwa na skrubu tupu zitang'oka, weka bolti zinazopita na kipande cha bati nene kwa nyuma. Tundu hizo huwa zimelala kwa hiyo nunua bano linalorekebisha pembe jiko likae sawa, na jiko lifunge kamba ya ziada hata likichomoka lisizame. Kuhifadhi, liache lipoe kabisa, kwangua masizi, futa trei ya mafuta maana mafuta ya juzi ndo yanayoshika moto leo, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha ndo ulitie kwenye mfuko wake.

Mzamiaji6
Nimeenda kuangalia sasa hivi. Pumulio la tenki liko kushoto, tundu la kulia limeshikwa na skrubu nne, mbili zinacheza. Naanza na bati la nyuma, jiko litasubiri.