Mrejesho: chumba cha kupanga Sinza, vitu vimepata pa kukaa

Wakuu, habari za jioni. Niliomba ushauri wa kupata nafasi ya vitu kwenye chumba kimoja ambacho mwenye nyumba hataki hata msumari ukutani. Nawashukuru wote.

Wazo la kuinua kitanda ndilo lililoniokoa. Fundi seremala ameongezea miguu, sasa uvunguni linaenea sanduku la nguo, mabegi na ndoo ya unga. Ila kwa joto na unyevu wa Dar, nguo zikibanwa zinavunda, kwa hiyo nimeacha upenyo kati ya sanduku na ukuta, na siku za usafi navuta kila kitu nje.

Shelfu ya juu ya mlango haikuwezekana, misumari tena. Nimechongesha ya kusimama, nyembamba, ipo miguuni pa kitanda: vyombo juu, viatu chini.

Aliyeshauri mtungi wa gesi uingie uvunguni, samahani mkuu, hapana. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini. Mtungi umebaki karibu na mlango.

Friji la dada bado limeziba njia. Anasema atalifuata mwezi ujao, tuseme amina.