Rojo la wafo la kulala usiku: liachwe mezani, liingizwe kwenye friji, au litiwe chachu ya nyumbani?

Mkazi wa Sakina, Arusha
Ndugu zangu, nina mashine ya umeme ya kupikia wafo (waffle, keki bapa zenye vishimo), na kila Jumamosi asubuhi napikia familia kwa mojawapo ya njia tatu ambazo bado sijaamua ipi niishike. Ya kwanza ni kukoroga unga, maziwa, siagi iliyoyeyushwa na hamira jioni, kisha kuliacha bakuli mezani hadi alfajiri. Ya pili ni kuliingiza rojo hilo hilo kwenye friji. Ya tatu ni kutumia chachu ya nyumbani, yaani unga na maji vinavyochachuka vyenyewe kwa kulishwa kila siku. Njia ya mezani hunipa harufu ninayoipenda kuliko zote, lakini mwezi Januari rojo lilifurika likamwagika, na wafo zikatoka nyeupe zenye uchachu mkali. Wenzangu mnafanyaje?

Mpishi wa Njiro, Arusha
Kwa gramu 250 za unga wa ngano natumia mililita 400 za maziwa, gramu 80 za siagi, kijiko kidogo cha sukari na nusu kijiko cha chumvi. Mayai mawili huingia asubuhi tu. Kinachobadilika ni hamira. Mji wetu uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa mgandamizo wa hewa huku ni mdogo kuliko pwani, gesi hutanuka zaidi na rojo huumuka upesi, hivyo kipimo kilichoandikwa kwa ajili ya Tanga au Dar es Salaam hupitiliza hapa. Rojo la mezani nalitia robo kijiko kidogo wakati wa joto, na nusu kijiko katika baridi ya Juni na Julai. Kwenye friji natia kijiko kidogo kizima, kwa sababu baridi huipunguzia hamira kasi, na naliacha rojo nje nusu saa kwanza ili lianze kazi.

Weupe uliouona una sababu. Hamira ikikaa muda mrefu kwenye joto huila sukari ambayo ingezipa wafo rangi ya kahawia, na uchachu nao huizuia rangi hiyo. Tia robo kijiko kidogo cha baikaboneti ya soda asubuhi, pamoja na mayai. Itapunguza ukali na rangi itarudi. Tafadhali usitumie magadi ya makande, yale ya Ziwa Natron, kwa kuwa yana makali zaidi na huacha ladha ya sabuni.

Mama wa Soweto, Moshi
Kaka wa Njiro, vipimo vyako ni vizuri, lakini sikubaliani kabisa na maziwa kulala mezani. Moshi iko chini yenu, takribani mita 900, na usiku wa Februari huku una joto ambalo maziwa hayalivumilii. Nina watoto wadogo, kwa hiyo kwangu ni friji tu. Umeme ukikatika, msiifungue: friji iliyofungwa hutunza baridi kwa takribani saa 4. Anayetaka kuacha rojo mezani alikoroge kwa maji, kisha atie maziwa ya unga asubuhi.

Bibi wa Kibosho
Wanangu, aliyezoea kuumua vitumbua hapotei hapa. Rojo likiota vitundu juu na kunukia utamu wenye uchachu kidogo, liko tayari. Likianza kushuka katikati, limepitiliza, hata kama saa haijafika. Mimi ni wa chachu ya nyumbani. Naitia gramu 100 mahali pa hamira, napunguza gramu 50 za unga na mililita 50 za maziwa, maana chachu imeshabeba unga na maji yake. Ladha yake ni ya ndani zaidi, lakini inadai uangalizi: ikikosa kulishwa mchana, usiku haitaumua chochote.

Mkazi wa Sakina, Arusha
Shikamoo bibi, na asanteni nyote. Hoja ya watoto imenigusa, kwani wangu pia ni wadogo, kwa hiyo Ijumaa hii naingiza rojo kwenye friji kwa kijiko kizima cha hamira na kuongeza baikaboneti asubuhi. Limebaki moja: rojo la baridi hung'ang'ania kwenye mashine yangu.

Mpishi wa Njiro, Arusha
Litoe nusu saa kabla, kwa sababu siagi huganda ndani yake. Ukishatia mayai, koroga polepole ili gesi isitoke. Pasha mashine hadi ishike moto sawasawa, paka mafuta kidogo, na usiifungue kabla mvuke haujapungua. Wafo inayong'ang'ania mara nyingi haijaiva.

Bibi wa Kibosho
Marahaba, mwanangu. Zikiiva zitandaze kwenye wavu, usizirundike kwenye sahani. Zikirundikwa hulowana kwa mvuke wake.