Thredi za bolti za injini zikiisha: tupeane uzoefu

Wadau, Jumamosi nilipeleka Fielder yangu kumwaga oili hapa Umoja. Kijana alipofungua nati ya sampu (bolti inayoziba tundu la kumwagia oili, chini ya injini) alinyamaza, akaniita nije nione. Nati ilikuwa imezungushiwa ile tepu nyeupe ya mafundi wa bomba, raundi nyingi, na thredi zake zimelala kama meno ya kitana kilichochakaa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini tangu servisi iliyopita kila asubuhi nakuta tone la oili kwenye sementi.

Nati ya kiwandani ya injini hii, 1NZ, ni ya unene wa milimita 12 na thredi zake zimeachana kwa milimita 1.25. Hii yangu ilikuwa bolti ya hadwea: 12 vilevile, lakini thredi zimeachana kwa 1.75. Ukizishika moja moja, macho hayakwambii kitu. Aliyeifunga aliona inakataa, akatafuta spana ndefu zaidi, ikajikatia njia yake kwa nguvu.

Sampu ya chini ya gari hili ni ya bati la chuma, na sehemu inayopokea nati imechomelewa kwenye bati. Niliambiwa niweke nati nene ya kujikatia thredi. Nilikataa, nikaenda Kirinyaga Road nikanunua sampu nyingine ya mtumba, nzima. Kilichoniuma zaidi si pesa. Yule mtu aliona alichoharibu, akafunga tepu, akanirudishia ufunguo bila neno.

Wewe yako iliisha wapi, na ulifanyaje?

Dereva wa Probox, Kangemi
Mimi yangu ni thredi za plagi. Nilikuwa Waiyaki Way napanda na mzigo wa maziwa, nikasikia paa! Nikadhani tairi. Gari likaanza kutetemeka na kupumua chu-chu-chu. Kufungua boneti, koili ya plagi ya tatu imeinuka na kupasuka. Plagi yenyewe ilikuwa na alumini imejizungusha kwenye thredi zake, nyembamba kama waya. Wiki mbili kabla ya hapo zilibadilishwa plagi zote nne, injini ikiwa bado moto, nikiwa nimesimama pale pale na kumhimiza fundi kwa sababu nilikuwa na haraka. Fundi wa kwanza akataka ninunue hedi, yaani kichwa cha injini. Wa pili akaweka bushi ya chuma kwenye tundu, na huu ni mwaka wa pili natembea nayo.

Fundi, Kariobangi Light Industries
Huyo wa pili alikusaidia, kaka. Hedi ni alumini, plagi ni chuma, na alumini ni laini. Wakivutana, hedi ndiyo inayoumia.

Kazi ya tundu la plagi siifanyi kwa haraka. Nyingi za hizi Toyota ni 14 kwa 1.25, yaani unene na umbali wa thredi kwa milimita. Pistoni naishusha, valvu za silinda hiyo naziacha zimefungwa. Mifereji ya tapu, kile kifaa cha kukata thredi, naijaza grisi nene, kwa sababu grisi ndiyo inayoshika chenga za alumini. Nusu raundi mbele, robo nyuma, natoa, nafuta, napaka grisi upya. Kijana wangu huchoka kunitazama. Nikimaliza, nanyonya ndani ya silinda kwa mpira mwembamba, kisha nazungusha injini bila plagi ili hewa itoe kilichobaki. Chenga moja ikibaki humo, itachora ukuta wa silinda.

Helicoil ni waya wa stenlesi uliokunjwa kama springi. Unapanua tundu, unalikata kwa tapu yake maalumu (ya kawaida haifai), kisha unauzungusha mpaka ushuke chini kidogo ya uso. Kwa bolti za kawaida naiamini kabisa, maana thredi ya stenlesi ni ngumu kuliko ile ya alumini iliyokuwapo. Kwa plagi napendelea bushi nzima kama Time-Sert. Ina ukingo juu, haitoki na plagi siku ya kubadilisha.

Gundi ya chuma kwenye plagi msikubali. Moto na mgandamizo wa silinda vitaing'oa.

Mama wa Kahawa West
Yangu ni Ipsum ya 2004, injini 2AZ. Kulanti, maji ya kupoza injini, ilikuwa inaisha na sioni inapovujia. Hedi gasketi ikabadilishwa mara mbili, nikalipa mara mbili. Mara ya tatu nilivuta stuli nikakaa nione. Bolti za hedi za safu ya nyuma, upande wa dashibodi, fundi anazungusha na hazikazi. Alipochomoa moja, thredi zake zilikuwa zimejaa alumini inayong'aa, kana kwamba bolti imevalishwa soksi.

Shida ilikuwa kwenye bloku, mwili wa injini unaoshika bolti za hedi, muda wote. Fundi mmoja wa Industrial Area aliniambia anaijua injini hii kwa tatizo hilo hilo, na kwamba Toyota wenyewe baadaye walirefusha thredi za bloku. Aliweka bushi za 11 kwa 1.5 matundu yote 10, hata yaliyoonekana mazima. Alifunga kibao cha chuma juu ya bloku ili drili isiende mshazari. Siku tatu. Kulanti haijapungua tena.

Mkazi wa South B
Yangu ni tapet kava, kile kifuniko cha juu ya hedi, bolti ya spana namba 10. Thredi yenyewe ni milimita 6 tu, mtu akaifunga kama ya gurudumu. Helicoil, ikaisha hapo.

Mwanzisha mada
Pole mama, na asante. Fundi, wewe unajuaje kwamba bolti imeingia sawa kabla hujakaza?

Fundi, Kariobangi Light Industries
Izungushe kinyume kwanza, polepole, mpaka uisikie inashuka: tik. Hapo thredi zimekutana. Sasa peleka mbele kwa vidole. Ikikataa kabla ya raundi tatu, toa, usiguse spana.

Mwanzisha mada
Nimefunga sampu jana jioni. Nilizungusha kinyume, ikasema tik, ikaingia kwa vidole mpaka karibu mwisho. Niliweka washa (pete ya kuziba) mpya, nikakaza kwa spana ya kupima nguvu, karibu Nm 38. Leo asubuhi nimeinama chini ya gari na tochi. Sementi ni kavu.