Kupiga picha wanyama pori kipindi cha theluji, mbona theluji inatoka ya kijivu?

mpigapicha_mpya: Wakuu habari, naombeni msaada. Nafuatilia mbweha na kulungu msimu huu wa baridi, sasa kila nikipiga theluji inatoka ya kijivu na mnyama mwenyewe giza tupu, kamera iko oto. Halafu betri inaonyesha nusu mara paap imezima. Kamera mbovu au?

Jicho3: Kamera nzima kabisa mkuu. Mita yake ya mwanga inachukulia kila kitu kina mwanga wa wastani, wa kijivu, kwahiyo ikikutana na weupe mwingi inadhani mwanga umezidi inapunguza. Ongeza eksposha (kiasi cha mwanga kwenye picha) +1, theluji ikijaa fremu nzima na jua linawaka nenda hadi +2. Ila usiamini skrini ukiwa juani, angalia histogramu (ile grafu ya mwanga wa picha), isogee kulia bila kugonga ukuta wa mwisho, maana ikigonga manyoya ya mnyama mweupe yameshaungua, yamebaki weupe mtupu, na hata uhariri vipi hayarudi. Na piga RAW (faili ghafi la kamera) bana, hiyo sio ya kujadili.

babu_lenzi: Betri haijaisha, ni baridi inapunguza kasi ya kemikali ndani yake. Ya akiba weka mfuko wa ndani karibu na mwili, ubadilishane, ile iliyozima ikipata joto mara nyingi inafufuka. Watu wengi wanasahau kwamba kurudi ndani ndo hatari zaidi, hewa ya joto ikigusa kamera ya baridi unyevu unatua mpaka ndani ya lenzi. Toa memori kadi, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, kisha iache hivyo hivyo mpaka ipate joto la chumba. Najua utatamani kufungua, usifungue.

mpigapicha_mpya: Asanteni sana. Na ili mbweha asogee karibu nimwekee chakula?

Jicho3: Mi naona kidogo haina noma

babu_lenzi: Ina noma. Akizoea watu anaanza kusogelea barabara na makazi. Msimu huu wanyama wanategemea sana mafuta ya mwilini, kila ukimkurupusha anachoma akiba ambayo ni ngumu kuirudisha. Tumia gari kama maficho, zima injini, shusha kioo mapema joto la ndani litoke lote, la sivyo hewa inacheza mbele ya lenzi na picha haikai kwenye fokasi. Akiinua kichwa na kukukazia macho, usisogee tena. Akikimbia mwenyewe ndo shata (kasi ya kupiga picha) ya sekunde 1/1000 au kasi zaidi.

mpigapicha_mpya: Poa mkuu, chakula naachana nacho. Kesho asubuhi naanza na +1 nione