Mrejesho: kijiti kunata na bomba kutoboka

Wakuu, habari za kazi. Swali lilikuwa langu, mimi mwanafunzi wa kuchomelea: mageti ya bomba la mraba lenye unene wa milimita 1.5, kijiti cha kuchomelea kinanata kila kikigusa chuma, na moto (ampea za mashine) ukiongezwa bomba linatoboka. Limetatuka, na chanzo hakikuwa moto.

Ni ethi, yaani kibanio cha waya wa mashine kinachorudisha umeme kutoka kwenye chuma. Ilibanwa juu ya rangi, na penye rangi umeme haupiti vizuri, hivyo kijiti kinanata hata mashine ikisoma ampea 90. Piga grenda sehemu ndogo tu mpaka chuma king'ae, ubane hapo. Aliyesema nianzie kwenye ethi kabla ya kugusa kitufe cha moto, ahsante sana mkuu.

Vijiti vya milimita 2.5 vimewekwa kando. Sasa ni vya aina ya 6013, milimita 2, ampea 45 hadi 55. Vijiti vilivyolala sakafuni vilikuwa na unyevu. Dalili yake ni cheche kuruka ovyo na vitundu kwenye mshono.

Kuhusu kutoboka: piga pointi (vidoti vidogo vya kushikiza) kona zote nne kwanza, halafu choma vipande vya sentimita 2 kwa kupokezana pande. Kijiti kikae karibu, umbali usiozidi unene wake. Ukikiinua, moto unatawanyika. Pakitoboka, acha papoe ndipo uzibe.

Limebaki moja: fremu ikipoa, vipimo viwili vya kona kwa kona vinapishana milimita 4. Mnabana mezani kabla ya pointi, au mnanyoosha baadaye?